Kuhama mji hadi mji: unalipia ujazo na siku, si kilomita

SWALI: Familia yetu ya watu wanne inahamia mji mwingine, umbali wa kilomita 1,100 hivi. Mume wangu ameshapata kazi huko na anaanza baada ya wiki tisa. Nyumba yetu ni ya vyumba vitatu, imejaa vitu vya miaka kumi na moja. Nimeomba bei kwa wasafirishaji watatu, na ya juu ni zaidi ya mara mbili ya ile ya chini, sijui nani ananidanganya. Nipange vipi bajeti ili fedha isituishie njiani? Tubebe vyote, au tuuze tukanunue vingine huko? Na kuna kabati kubwa la mbao la marehemu mama yangu, kila mtu ananiambia niliache.

JIBU: Dada yangu, inawezekana kabisa kwamba katika hao watatu hakuna aliyekudanganya. Mmoja huenda alisikia "vyumba vitatu" kwenye simu akakisia. Mwingine labda alikuja, akapita chumba kimoja kimoja, akafungua makabati na kuchungulia stoo. Wa tatu huenda alikupa bei ya kuchangia lori na watu wengine. Hizo ni bei za mizigo mitatu tofauti, na huwezi kuzilinganisha mpaka wote watatu wautazame mzigo mmoja. Kuufahamu mzigo ni kazi yako kabla haijawa yao, na ndipo ningependa uanzie, hata kabla ya kufungua daftari la fedha.

Nimesimamia uhamishaji wa familia kwa miaka mingi, na huwa naumia kuona watu wakikosa usingizi kwa sababu ya umbali. Kilomita zako ni 1,100 leo na zitakuwa 1,100 siku ya safari. Huna la kuzifanya. Unavyoweza kuvipunguza ni viwili: nafasi ambayo vitu vyako vinachukua ndani ya lori, na idadi ya siku ambazo maisha yenu yatakuwa yamegawanyika kati ya miji miwili. Ujazo na siku. Karibu kila fedha itakayokutoka itapitia mlango mmoja kati ya hiyo miwili.

Tuanze na ujazo. Tafuta tepu ya kupimia, karatasi, na Jumamosi moja nzima. Kila kitu kikubwa kipime urefu, upana na kimo kwa mita, zidisha, upate mita za ujazo. Kochi la watu watatu lenye urefu wa mita 2.1, upana 0.95 na kimo 0.9 ni mita 1.8 za ujazo. Friji ya 0.7 kwa 0.7 kwa 1.7 ni kama 0.83. Vitu vidogo usivipime, vihesabu kwa maboksi. Boksi la kati la sentimita 45 kwa 45 kwa 40 lina ujazo wa 0.081, kwa hiyo maboksi 12 yanakaribia mita moja ya ujazo. Hapa ndipo karibu kila mtu hukosea, kwa kukisia maboksi machache mno. Dawa yake ni rahisi: chukua kabati moja la jikoni, lipakie kweli kwenye maboksi, uhesabu yametoka mangapi, kisha utumie kipimo hicho kwa makabati mengine. Ukishaona kabati moja limekula maboksi matatu, hutakisia tena.

Ukimaliza, rudi kwenye orodha na ujiulize ni vitu gani vinafunguka. Meza ya chakula ya mita 1.5 kwa 0.9, yenye kimo cha 0.75, inachukua mita moja nzima ya ujazo ikiwa imesimama kwa miguu yake. Fungua miguu, ulaze ubao wake ubavuni mwa lori, na meza hiyohiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya mita. Vitanda ni hivyohivyo, na makabati ya kuunga pia. Saa tatu za bisibisi zinaweza kukuondolea mita tatu au nne za ujazo. Skrubu za kila kitu ziweke kwenye mfuko wake, mfuko uufunge kwa utepe wa gundi kwenye kitu chenyewe, wala usizichanganye zote kwenye kopo moja. Nimewahi kukaa na familia saa sita usiku, watoto wamelala sakafuni, tukijaribu skrubu moja baada ya nyingine kwenye kitanda cha mtoto kwa sababu kopo lilikuwa na skrubu za vitanda vitatu.

Jumla utakayopata ndiyo itakayokuambia chombo cha kukodi. Kontena la futi 20 lina mita 33 hivi za ujazo kwa ndani, la futi 40 lina 67 hivi. Lakini vitu vya nyumbani havina umbo moja, na mimi sipangi kamwe kujaza zaidi ya asilimia 85. Kwa hiyo kontena la futi 20 kwangu ni mita 28. Kwa uzito, wasafirishaji wengi hukadiria kilo 112 kwa kila mita ya ujazo ya vitu vya nyumbani. Mita 30 zitakuwa tani tatu na ushee. Jua namba hiyo, hasa kama mnafikiria kukodi lori dogo na kuliendesha wenyewe. Lori linaweza kuwa na nafasi bado na huku limeshapita uzito linaoruhusiwa kubeba, na breki za lori lililozidiwa kwenye mteremko si jambo la kujaribu na watoto wako ndani.

Sasa swali lako la kuuza au kubeba. Watu hulijibu kwa moyo au kwa hasira, wakati lina hesabu yake. Tuseme, kwa fedha yoyote ile, mita moja ya ujazo inakugharimu 100 kuisafirisha. Kochi lako la mita 1.8 litakugharimu 180. Ukiliuza hapo ulipo unapata 90, na kule utanunua linalofanana nalo, lililotumika, kwa 220. Hasara yako ya kuuza ni 220 toa 90, yaani 130. Kulibeba ni 180. Liuze. Meza iliyofunguliwa inachukua 0.1, gharama yake ni 10. Ukiiuza unapata 40, kununua nyingine ni 150, hasara ni 110. Ibebe. Fanya hivi kwa vitu kumi na tano vikubwa tu na utaona picha yote, bila kuhesabu kila sufuria.

Lakini kuna jambo ambalo hesabu hiyo inalificha. Ukilipia lori zima, bei haipandi taratibu, inapanda kwa ngazi. Ukiwa na mita 22 kwenye lori la mita 28, kochi lako linasafiri bure, kwa kuwa nafasi umeshailipia. Ukiwa na mita 29, kile kitu cha mwisho kinaweza kukusukuma kwenye lori kubwa zaidi, na kitu hicho kimoja ndicho kitakachokuwa kimekugharimu tofauti yote ya bei. Kwa hiyo usiulize tu "hiki kinagharimu kiasi gani?" Uliza pia, "nimesimama wapi kwenye ngazi?" Kama umezidi kidogo, uza mpaka ushuke. Kama umebakiwa na nafasi, acha kuuza, hata vile ambavyo hesabu ya kwanza ilikuambia uviuze. Wale wanaochangia lori na wengine, wanaolipia kila mita, ndio wanaopaswa kuifuata hesabu ya kwanza bila kupinda.

Na uza mapema. Anayeuza kochi wiki sita kabla ya safari anauza kwa bei, anayeuza siku mbili kabla anagawa. Wanunuzi wanamjua mtu anayeondoka.

Nije kwenye siku, maana hapa ndipo nimeona bajeti nyingi zikivunjika, nyingine zikiwa zimepangwa vizuri sana upande wa lori. Chora mstari mrefu kwenye karatasi na uweke tarehe hizi: mshahara wa mwisho wa kazi ya sasa, siku ya kuanza kazi mpya, mshahara wa kwanza wa kazi hiyo, mwisho wa mkataba wa nyumba ya sasa, siku ya kupewa funguo za nyumba mpya, siku lori linaondoka, siku linafika, siku shule inafungwa hapa na siku inafunguliwa kule. Nafasi zilizopo kati ya tarehe hizo ndizo gharama zako zilizojificha.

Chukua mishahara tu. Mtu analipwa mara ya mwisho tarehe 30 Aprili, anaanza kazi mpya tarehe 15 Mei. Machoni pake ni wiki mbili bila kazi. Lakini mwajiri mpya ameshafunga orodha ya malipo ya Mei, na fedha ya kwanza inaingia tarehe 30 Juni. Hizo ni siku 61, na ndani ya siku hizo 61 ndimo zinamotoka gharama zote kubwa: kodi ya kuanzia ya nyumba mpya pamoja na amana yake, malipo ya lori, tiketi za watu wanne, ada ya shule mpya. Amana ya nyumba ya zamani, ambayo wengi huitegemea kulipia ile ya nyumba mpya, kwa kawaida inarudi baada ya kukabidhi funguo na nyumba kukaguliwa, yaani mkiwa mmeshahama. Kwenye bajeti yako iandike kama fedha itakayoingia baadaye, usiihesabu kama fedha uliyonayo. Mumeo aulize leo, kwa maandishi, mshahara wa kwanza utaingia tarehe gani. Ni swali la kawaida kabisa na halimshushii mtu heshima.

Akiwa anauliza hilo, aulize pia kama mwajiri anachangia gharama za kuhama. Waajiri wengi wana utaratibu huo na hawautaji mpaka waulizwe. Wakikubali, mjue mambo matatu. Je, wanalipa kabla, au mnalipa wenyewe kisha mnarudishiwa kwa risiti? Kinacholipiwa ni lori peke yake, au na tiketi na malazi ya siku za kwanza? Na je, kuna kipengele kinachomtaka arudishe fedha hizo akiacha kazi kabla ya muda fulani? Msaada wa kurudishiwa ni mzuri, lakini hautoi hata senti siku ile unayoihitaji, na kwenye mstari wako wa tarehe unaenda kwenye safu ya fedha zinazoingia baadaye, pamoja na ile amana.

Kuhusu nyumba mbili: watu hujibana ili mkataba wa zamani uishe siku ileile wanapopewa funguo mpya, wakiona ni uchungu kulipa kodi mara mbili. Mimi ninashauri kinyume chake. Nunua siku saba za mikataba hiyo miwili kuingiliana. Siku saba ni karibu robo ya kodi ya mwezi mmoja. Linganisha na usiku nne wa malazi ya kulipia kwa watu wanne, chakula cha kununua kila mlo, na kuhifadhi vitu ghalani kwa kuwa lori limefika na mlango bado umefungwa. Ghala halikugharimu kodi yake tu. Vitu vitashushwa na kupakiwa mara moja zaidi, na katika kazi hii vitu vinavunjika vikiwa mikononi mwa watu kuliko vikiwa barabarani. Siku hizo saba pia zinakupa nafasi ya kusafisha na kukabidhi nyumba ya zamani kwa utulivu, na amana yako inategemea hilo.

Kwa kuwa mumeo ana tarehe yake ya kazi, fikirieni yeye atangulie na begi lake, wewe na watoto mfuate shule ikifungwa. Ni uamuzi mgumu kwa familia na siwezi kuwaamulia, ila jueni gharama yake: kila wiki mtakayokaa mbalimbali ni wiki ya kuendesha nyumba mbili. Wiki mbili au tatu zinabebeka, na zina faida nitakayoitaja mwishoni. Miezi mitatu ni bajeti nyingine kabisa.

Sasa warudie wale wasafirishaji watatu. Wape wote orodha ileile ya vitu na jumla ileile ya mita za ujazo, na usikubali bei ya mtu ambaye hajaiona nyumba kwa macho au kwa video ya simu, makabati yakiwa wazi. Waambie ukweli wote, maana unachokificha kitalipiwa siku ya kupakia. Ghorofa ya ngapi, kuna lifti au ngazi, lori litasimama hatua ngapi kutoka mlangoni. Na si huko unakotoka tu, huko unakokwenda pia. Niliwahi kusimamia mzigo uliofika salama, kwa wakati, kisha lori likashindwa kuingia mtaani kwa sababu nyaya zilining'inia chini na kona ilikuwa nyembamba. Ikabidi gari dogo likodiwe na mzigo ubebwe kwa safari tano. Familia ililipa gharama ambayo haikuwa kwenye karatasi yoyote, na hakuna aliyekuwa amewauliza swali moja tu: lori kubwa linafika mlangoni?

Maswali ambayo ningewauliza mimi ni haya. Bei hii ni kamili au ni makadirio? Ujazo ukizidi siku ya kupakia, nalipa kiasi gani kwa kila mita, na kiandikwe. Nani anafunga vitu, na maboksi ni yake au yangu? Ushuru wa barabara, mafuta na posho ya wapakiaji vimo? Lori likisubiri, saa moja ni kiasi gani? Vitu vyangu vitahamishiwa kwenye gari jingine njiani? Ni lini vitafika: tarehe moja, au kipindi cha siku kadhaa? Anayechanganya mizigo ya watu wengi atakupa bei nafuu na kipindi kirefu, na hilo si kosa, mradi ujue kabla. Muulize pia kama ana lori linalorudi tupu kutoka upande wenu. Bei ya lori zima mara nyingi huwa na gharama ya kurudi bila mzigo ndani yake. Kama safari yako ndiyo ile ya kurudi kwake, una nafasi nzuri ya kupunguziwa, ukiweza kusogeza tarehe siku mbili tatu. Kusogeza kwenyewe kuna thamani: mwisho wa mwezi na likizo za shule ndipo kila mtu anahama, katikati ya mwezi na katikati ya wiki malori yanatafuta mzigo.

Bei iliyo chini sana kuliko nyingine zote, baada ya wote kuona orodha moja, iogope. Mchezo unaotumika mara nyingi ni huu: vitu vikishapakiwa, au vikishafika, bei inapanda, na huwezi kubishana na mtu aliyeshika kitanda cha watoto wako. Usilipe fedha yote mwanzoni. Toa sehemu kwa risiti, na sehemu ya maana ibaki mpaka mlango wa nyumba mpya.

Bima inahitaji dakika zako kumi, usiipite. Fidia ya msafirishaji peke yake mara nyingi huhesabiwa kwa uzito au huwekewa kikomo kidogo, kwa hiyo televisheni nyepesi ya bei kubwa inaweza kulipwa kama pasi. Ukikata bima yako, andika thamani ya kweli. Wengi hupunguza thamani ili wapunguze malipo ya bima, na hawajui kwamba fidia nayo inapunguzwa kwa kiwango kilekile. Vitu vya thamani ya 100 ukiviwekea bima ya 50, kisha ukapata hasara ya 20, unaweza kulipwa 10. Uliza pia kuhusu maboksi uliyofunga mwenyewe, kwa sababu bima nyingi hazilipi kilichovunjika ndani ya boksi ambalo msafirishaji hakulifunga. Hiyo ni sababu nzuri ya kumwachia yeye vyombo vya kioo, hata kama mengine yote unafunga wewe.

Kila boksi lipewe namba, chumba linakokwenda, na maneno matatu ya kilichomo. Namba hizo ziandike kwenye daftari moja. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona kazi inayouthibitisha msemo huo kuliko hii. Lori likifika, mtu mmoja asimame mlangoni na daftari akitia alama, na asifanye kazi nyingine yoyote. Kilichopasuka au kukosekana kiandikwe kwenye karatasi ya dereva kabla ya kutia sahihi.

Kwenye ufungaji sitakaa sana. Vitabu viende kwenye maboksi madogo. Boksi la kati nililolitaja, likijazwa vitabu, linapita kilo 50, wakati fomula ya kunyanyua mizigo ya taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ya mwaka 1991, inaanza na kilo 23 kwa mtu aliye katika mazingira bora kabisa, na ngazi za ghorofa ya tatu si mazingira hayo. Sahani zisimamishwe kwa ukingo kama vitabu kwenye rafu, zisilazwe moja juu ya nyingine. Mashine ya kufulia inayofunguliwa kwa mbele irudishiwe skrubu zake ndefu za usafiri zinazoshika pipa la ndani, la sivyo pipa litagongagonga kwa kilomita zote 1,100. Friji izimwe na kuyeyushwa barafu siku moja kabla, isafiri imesimama. Ikilazimika kulazwa, isimamishwe kwa saa nyingi kabla ya kuwashwa, ikiwezekana siku nzima, ili mafuta ya kompresa yaliyoingia kwenye mabomba yarudi mahali pake. Mtungi wa gesi, petroli, rangi na dawa kali za kusafishia visiingie kwenye lori la vitu vya nyumbani.

Vyeti, kadi za chanjo za watoto, ripoti za shule, dawa za mwezi mmoja, kompyuta na dhahabu vikae nanyi, si kwenye lori. Kama mnasafiri kwa ndege, betri za akiba za kuchajia simu zinakaa kwenye mkoba wa mkononi, na zile zisizozidi wati-saa 100 (huandikwa Wh kwenye betri) kwa kawaida hazihitaji kibali. Andaa na begi moja la usiku wa kwanza: mashuka, taulo, sabuni, sufuria moja, chaja, bisibisi. Sisi wenyewe tulipohama, lori lilichelewa siku tisa. Mashuka tuliyokuwa tumeyaweka kwenye begi ndiyo yaliyowafanya watoto waione ile nyumba tupu kuwa ni kwao.

Hesabu yako ya fedha sasa ina sehemu tatu. Kabla ya safari: maboksi, matengenezo madogo na usafi wa nyumba ya zamani, kodi na amana ya mpya, malipo ya awali ya lori, bima. Njiani: nauli, chakula, malazi, salio la lori. Baada ya kufika: siku za bila jiko, kuunganishiwa umeme na intaneti, vitu vya kununua badala ya ulivyouza, ada ya shule, na matumizi ya kila siku mpaka mshahara wa kwanza. Sehemu hii ya tatu ndiyo wanayoisahau karibu wote, na mara nyingi si ndogo kuliko ya kwanza. Kila kifungu kiandikie tarehe yake ya kutoka, si kiasi tu. Kisha pitia mstari wako tarehe kwa tarehe ukitoa na kujumlisha. Kama kuna siku ambapo mfuko unashuka chini ya sifuri, umeiona leo, wiki tisa kabla, na bado una muda wa kuuza kitu, kuomba sehemu ya malipo isogezwe, au kuchagua kuchangia lori. Juu ya yote weka asilimia 15 ya akiba, kwenye akaunti nyingine. Usiitumie kununulia mapazia.

Sasa kabati la mama.

Libebe. Kwenye ile hesabu ya kuuza na kununua halimo, kwa sababu upande wa "kununua jingine" hauna namba. Nakuomba tu ulihesabie nafasi yake waziwazi kwenye orodha, ili usije ukalaumiwa siku ya kupakia kwamba limekula lori. Ondoa milango kwenye bawaba, toa droo na rafu, na kama ubao wa nyuma umeshikwa kwa skrubu, ufungue nao. Kila kipande kiandike kwa chaki upande wa ndani: kushoto, kulia, juu. Kona zifungwe kwa boksi lililokunjwa mara mbili, mwili wote uvikwe blanketi, na lisimame likiwa limefungwa kwa mkanda kwenye ukuta wa lori, si kwa kamba nyembamba inayokata mbao.

Kabla ya hayo yote, lipime, kisha mpe mumeo vipimo hivyo. Hii ndiyo faida ya yeye kutangulia. Huko apime upana wa mlango wa nje, upana wa korido mahali inapokata kona, na kimo cha dari ya chumba. Dari ndiyo ambayo watu hawaipimi. Kabati lenye kimo cha mita 2.1 na kina cha sentimita 62 linaingia chumbani likiwa limelazwa, na likianza kunyanyuliwa kona yake inapanda juu kuliko kimo chake. Zidisha 2.1 kwa 2.1, ongeza 0.62 kwa 0.62, tafuta kipeuo cha pili: mita 2.19. Chumba chenye dari ya 2.4 kitalipokea bila shida. Chenye dari ya 2.15 kitaliruhusu kuingia, kisha kitalikataa kusimama, ingawa likisimama lingebakiwa na sentimita tano juu. Mkikuta hivyo, litenganishwe huko uliko, na fundi aliyelifungua akuchoree kwenye karatasi jinsi ya kuliunga. Liungwe upya likiwa limesimama, ubavu mmoja kwanza ukiegemezwa ukutani, kisha wa pili, na kipande cha juu kiingie mwisho.